RT ya 2003 ya Mtaliano au RT ya 2011 ya Nairobi? Nisaidieni kabla sijatoa pesa

mzee_wa_sabaki

Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Niko Malindi, natafuta pikipiki kubwa ya safari, si ya kwenda Watamu na kurudi, nataka chombo ambacho mie na mama watoto tunatoka alfajiri jioni tuko Nairobi bila ya kuumwa mgongo wiki nzima, na Mungu akijaalia siku moja tuvuke Horohoro mpaka Tanga na Dar. Nimepanda 250 miaka na miaka, inafika popote lakini mikono inakufa ganzi na abiria wangu kashanambia hapandi tena.

Sasa nimepata mbili, zote BMW zote RT, yani zile za safari ndefu zenye kioo cha upepo. Ya kwanza R1150RT ya 2003, ya mzee mmoja Mtaliano yuko huku Casuarina anarudi kwao kwa jumla, imetembea 61,000, masanduku yote matatu yapo, rangi bado inang'aa, anataka laki nne na nusu. Ya pili R1200RT ya 2011, iko Nairobi, imetembea 48,000, mwenyewe anataka milioni moja na laki moja na hataki maneno. Ya pili nikijikaza naifikia lakini ntabaki mfuko mtupu hata pesa ya mafuta niombe. Ya kwanza nabaki na za kuitengeneza.

Hapa mtaani kila mtu na lake. Kuna wanaosema za zamani ni chuma, za sasa ni kompyuta tupu, ikikuzimikia Mackinnon Road utalala hapo na hakuna fundi wa kuigusa. Wengine wananiambia kitu cha miaka ishirini na zaidi ni kununua ugonjwa wa mtu. Nyie mnaojua haya madude, mngechukua ipi na kwa sababu gani? Tafadhali sababu, sio "chukua mpya bro".

kusi_na_kaskazi

Chukua mpya bro 😂

Haya sababu. Ni breki. Hizo 1150 za kuanzia 2001 hivi zilizokuja na ABS, ile inayozuia gurudumu lisikwame ukifinya breki, zina pampu ya umeme inayokusaidia kufinya, yani ukigusa breki unasikia inalia nziiii kama mashini ya kinyozi, hio ndo inafanya kazi. Ikiwa nzima ni breki kali kweli, kidole kimoja tu. Lakini siku umeme ukipungua, betri ikichoka, ama pampu yenyewe ikifa, breki unabaki nayo lakini ile ya kubembeleza, unafinya kwa nguvu zote na chombo cha kilo 279 kinaendelea kuteremka, na nyuma uko na mkeo na masanduku. Fikiria uko mteremko wa Mazeras nyuma ya lori la makontena. Na hilo dude la ABS bei yake likiwa jipya inakaribia bei ya pikipiki yote unayouziwa.

BMW wenyewe waliliona, wakaja wakaitoa hio pampu ya kusaidia, kuanzia 2007 ABS ni ya kawaida, umeme ukikatika unabaki na breki za mafuta kama kawaida. Ya 2011 iko upande huo. Tena ni nyepesi kama kilo 20 na ina farasi 110, ile ya zamani 95. Mie nisingefikiria mara mbili.

fundi_wa_barani

Kusi umesema kweli kuhusu breki na sitaki kulirudia, lakini "chukua mpya" ni jibu la mtu wa Nairobi. Huku kwetu swali la kwanza si mwaka, ni chombo kililala wapi. Pikipiki iliyokaa miaka kumi mita mia mbili kutoka baharini, hata ikiwa imetembea kilomita chache, chumvi ishaingia kwenye kila soketi ya waya. Nimefungua plagi za umeme za vyombo vya huku nikakuta ndani kijani kitupu, nje hujui kitu, inang'aa. Na chombo kisichotembezwa ndicho kinachokufa haraka, mafuta ya breki yananyonya maji, sili zinakauka, tangi linashika kutu kwa ndani. Kwa hio mzee hizo 61,000 na rangi kung'aa visikulevye, muulize hio ilitembea mwisho lini na mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Kwenye hizo za pampu kuna mafuta ya njia mbili, ya huku juu na ya kule kwenye pampu yenyewe, na mafundi wengi wanabadilisha ya juu tu wanafunga wanachukua pesa yao.

Sasa upande wa pili wa mambo. 1150 mtu mwenye akili na spana anaimaliza mwenyewe. Vichwa vya injini viko nje kushoto na kulia, unafungua kifuniko umekaa kwenye kigoda, vali unapima nafasi kwa fila, vile vibati vyembamba, ya kuingiza milimita 0.15 ya kutolea 0.30, unakaza skrubu na nati, basi. Oili ni 20W-50 ya kawaida, hata hapa mjini haikosi. Maji haina kwa hio hakuna rejeta ya kuvuja. Mkanda wa oltaneta unabadilishwa kwenye 60,000, yako ina 61, muulize umebadilishwa ama bado, ukikatika utaishiwa na chaji njiani na kwa hizo breki chaji ni uhai.

Ubaya wake mkubwa ni klachi. Ni kavu, iko katikati, na meno ya shafti ya giaboksi yanayoingia kwenye sahani ya klachi kwa baadhi ya hizo 1150 yanalika. Yakiisha pikipiki haiendi popote, na kufikia hapo lazima chombo kikatwe vipande viwili, nyuma kule mbele huku, ni kazi ya siku kadhaa na spea ya kuagiza nje. Habari njema inapimika bila ya kukata, unatoa stata unaingiza bisibisi pale kwenye tundu unaitikisa sahani kidogo, ikicheza sana kama jino la mtoto wa miaka sita wacha hapo hapo. Shafti ya nyuma nayo, ile inayozungusha gurudumu badala ya cheni, weka kwenye stendi ya katikati, shika gurudumu juu na chini, ling'oe kama unalivunja, likicheza beringi imekwenda. Tazama na ile mpira ya kukunjana kama kuna oili inachuruzika.

Ya 2011 kila kitu kimekuwa kingine. Hakuna fyuzi kabisa za kawaida, waya mmoja unazungumza na vifaa vyote, kompyuta ikiona kitu haikipendi inakikata. Ukija wewe na fundi wako wa mtaani mkaunga taa za ziada popote mnapoona waya, ntakuombea dua. Ufunguo una chipu, na kile kipete kinachosoma chipu kwenye zile za miaka ya mwanzo kilikuwa kinakufa, unageuza ufunguo unaambiwa wewe mwizi. Lakini msiwatishe watu na kompyuta, kuna kifaa cha Afrika Kusini kinaitwa GS-911, unachomeka unasoma makosa kwa simu ama laptop, kinasoma hata hio 1150. Mwenye kifaa hicho na BMW ya 2011 anajua shida iko wapi kwa dakika kumi. Asiye nacho ataanza kubadilisha plagi.

Lingine la ya 2011, muulize kuhusu flanji ya gurudumu la nyuma, pale gurudumu linapofungiwa. Zilitoka za alumini, ikikazwa kupita kiasi inafanya nyufa, kampuni ikaziita zirudishwe zikawekwa za chuma. Tazama tu, inaonekana.

Na kabla ya yote haya mzee: namba. Ya Mtaliano ina namba ya Kenya ya KM na logibuku, ama ina namba ya kwao? Wageni wengine wanaingiza chombo kwa kibali cha muda, ushuru haujalipwa, akiondoka anakuachia wewe na KRA, watu wa kodi. Kama haiwezi kuhamishwa kwa NTSA, wanaosajili vyombo, kupitia eCitizen ya mtandaoni ikaingia jina lako, hata kwa laki moja ni ghali.

bin_amu

Mie ni wa Lamu lakini niko Muscat sasa, huku nina Honda Gold Wing, GL1800. Najua mtacheka, Lamu hakuna hata barabara ya kupitisha mkokoteni, ukija na pikipiki kubwa unaiacha Mokowe unaingia boti. Lakini nataka kuchangia kitu kimoja mana naona mnahesabu miaka.

Msihesabu miaka, hesabuni chombo kilibadilika lini. Hii GL1800 ilitoka 2001, silinda sita, 1832cc, na mpaka 2017 injini ni ile ile, gia tano na rivasi ya umeme. Sasa mtu akikuuzia ya 2012 kwa bei kubwa kuliko ya 2006 kwa sababu ya mwaka tu, anakuuzia kalenda. Kabla ya hapo ni GL1500, kabureta na mikanda ya taimingi, hio ni pikipiki nyingine. Baada ya hapo 2018 wakaigeuza yote, imepungua karibu kilo 40, mbele haina foku za kawaida tena, unaweza kupata gia zinazobadilika zenyewe, lakini masanduku wameyapunguza kutoka lita 150 hivi mpaka 110 na tangi kutoka 25 mpaka 21. Mke wangu alipoona masanduku ya mpya akasema tubaki na ya zamani, na huku Muscat mpaka Salalah ni kama kilomita elfu moja jangwa tupu, tangi ni muhimu. Kwa hio nilinunua ya kizazi cha zamani lakini ya mwisho mwisho.

Nyumbani siileti. Kilo mia nne na kitu kwenye mchanga wa Hindi kule kwetu Lamu, ikilala inalala mpaka kijiji kije.

mama_gede

Nyote mnazungumza klachi na shafti, hakuna aliyemuuliza huyo mama anayekaa nyuma. Mie ndo abiria, mume wangu ana ya Kijapani 1300, na nawaambia nyuma ni dunia nyingine. Mbele kuna kioo cha upepo, nyuma unapata yale yanayopita juu yake, kofia inapigwa pa pa pa mpaka Voi kichwa kinauma. RT zote mbili kioo kinapanda kwa umeme, kizuri hicho, lakini mwambie apande zote mbili na akae nusu saa, sio kukaa dukani na kusema "nzuri". Magoti yakikunjika sana hatafika Mariakani. Sanduku la nyuma lenye mto wa kuegemea ni lazima, sio urembo, bila hilo kila dereva akivuta gia unashika roho.

Na kuhusu baibui kwa dada zangu, haya madude hayana cheni na yana mudgadi na masanduku pembeni kwa hio nguo hailiwi na gurudumu kirahisi kama kwa boda, lakini ekzosi ni moto na upepo wa kilomita mia unaipandisha mpaka shingoni. Mie navaa suruali nene na koti la safari, baibui liko kwenye sanduku juu kabisa, tukifika navaa.

Halafu joto. Hizi zinazopozwa kwa upepo na oili, kwenye foleni ya Mtwapa saa saba mchana hakuna upepo, utaona kipimo kinapanda. Zima injini. Mume wangu ya kwake ina maji na feni ndo inatupumulia joto miguuni, hakuna aliyesalimika.

kusi_na_kaskazi

Mama gede umenikumbusha, mbona hatujamtajia Wajapani kabisa. FJR1300 ya Yamaha, ina shafti, vali inapimwa kila kilomita 42,000 hivi, utasahau kama ina vali. Imeanza 2001 na gia tano mpaka 2016 ikaja ya sita. Honda ST1100 ya miaka ya 90 tangi la lita 28, chombo cha kumrithisha mjukuu. Shida kuzipata hapa nchini, ukiona moja kwa mwaka una bahati, na plastiki zake ukivunja unaagiza huko huko mbali.

mzee_wa_sabaki

Ahsanteni sana wallahi sikutarajia. Nimekwenda kwa Mtaliano jana jioni na maswali yenu kwenye karatasi, mzee mwenyewe muungwana katoa kahawa na biskuti.

Namba ni KM, logibuku iko kwa jina lake, hapo safi. Imekaa chini ya banda la makuti, ukitoka hapo unaona bahari. Rangi kweli inang'aa lakini nimelala chini na tochi, nati za alumini zina unga mweupe na soketi moja ya taa nimeifungua fundi, kijani kama ulivosema. Tairi nimesoma zile tarakimu nne za mwisho, 1412, nimeambiwa ni wiki ya 14 ya mwaka 2012?? Mafuta ya breki hakumbuki. Mkanda hakumbuki. Klachi sikuweza kupima, hakutaka stata itolewe, na mie nisingetaka mtu atoe stata yangu pia kusema kweli.

Halafu taa ya ABS inapepesa. Akanambia ni kawaida yake.

fundi_wa_barani

Kupepesa ukiwasha ni kawaida kweli, inajipima, ukianza kwenda mita chache inazimika. Ulitembeza? Ilizimika?

Tairi umesoma sawa, ya 2012, hata kama kashata zote zipo hio ni mpira mfu, usiende nayo hata Gongoni. Hesabu mbili mpya, mbele 120/70-17 nyuma 170/60-17, hapa mjini hupati, utaagiza Nairobi, na zikija soma tarehe kabla hujalipa mana kuna wanaouza stoki ya zamani kama mpya.

mzee_wa_sabaki

Nimetembeza mpaka kwenye lami kubwa na kurudi. Haikuzimika. Na ile nziiii ya Kusi sikuisikia kabisa, nikadhani labda ni upepo.

kusi_na_kaskazi

Haikuwa upepo 😅

fundi_wa_barani

Basi hio ni breki bila ya msaada mzee, na umeipanda, kwa hio ushajua ilivyo. Inaweza kuwa betri chovu tu, ama soketi ya chumvi, hizo pampu zinakataa kufanya kazi umeme ukiwa chini. Inaweza ikawa pampu yenyewe. Kuna watu huko nje wanaitoa yote wanaunga mipira ya breki moja kwa moja, inakuwa pikipiki isiyo na ABS, inasimama vizuri tu ikifanywa na anayejua, lakini hio kazi usimpe mtu anayejifunzia kwako. Hesabu tairi, mafuta yote, mkanda, betri, kusafisha waya, na hilo fumbo la ABS. Laki nne na nusu ni ya chombo ambacho hakina hayo. Mie nisingepita laki mbili na nusu, na ningetaka ipimwe kwa GS-911 kwanza hata ikibidi umlipe mtu nauli kutoka Mombasa aje nayo.

Lakini nasoma tena alivoandika bin_amu na nadhani kakupa jibu hata kuliko sisi. Tazama familia hii ilibadilika lini: 2005 ikaja 1200 na umeme mpya, pampu ya breki bado imo. 2007 pampu ikatoka. 2010 vichwa vikabadilishwa vikawa vya kamshafti mbili, zile fito zinazofungua vali, farasi ni zile zile 110 lakini vali haziseti tena kwa skrubu, zinataka vile vidude vidogo kama nusu ya gololi vya saizi mbali mbali, huna boksi lake huendi. 2014 yakaja maji ya kupoza injini. Sasa katikati hapo, 2007 mpaka 2009, una breki za kawaida, uzito mdogo, na vali za skrubu ambazo hata mie nakusetia hapa Barani. Na kwa bei haiwezi kufika hio ya 2011. Hio ndo ningetafuta.

mama_gede

Na akitafuta amtafutie yenye mto wa nyuma.

mzee_wa_sabaki

Nimempigia wa Nairobi kumuuliza flanji na kama imeshawahi kusomwa makosa, akanambia "boss unataka pikipiki ama unataka kuandika kitabu". Haya. Nimeiacha.

Mtaliano nimemwambia ukweli kuhusu ABS na tairi, hakukasirika, kasema atafikiria bei. Mie natafuta ya 2007 mpaka 2009, aliye na habari iwe Mombasa, Diani, popote, aniambie. Sina haraka, mvua yenyewe ikianza sitoki.

juma_ngomeni

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Mzee kama wewe huichukui hio ya Mtaliano na ikishuka laki mbili na nusu nitumie inbox, mie nina nafasi ya kuweka na nina muda.

fundi_wa_barani

Na pampu ya breki unayo?

juma_ngomeni

Nina namba yako.